Nyumba Kubwa na Mzee Mmoja

Nataka kusema neno ambalo najua litawachukiza wengi, na zaidi wale wenye watoto wafanyao kazi Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Neno lenyewe ni hili. Mzee aliyebaki peke yake, au yeye na mkewe tu, katika nyumba ya vyumba sita, yampasa aiache nyumba ile na kuingia katika nyumba ya vyumba viwili. Tena aiache yeye mwenyewe, kwa shauri lake, wakati bado ana nguvu za kusimama juani na kumwonyesha fundi mahali pa kutia mlango. Asingoje kuondolewa na watu.

Kwetu Moa, huku mwisho wa pwani ya Tanga katika wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Vanga, maneno haya husikiwa kama matusi. Mzee akionekana anasimamisha nguzo za nyumba ya vyumba viwili kando ya nyumba yake kubwa, siku ile ile habari zafika kisimani na ufukoni. Mmoja auliza, "Je, amefilisika?" Wa pili ajibu, "Watoto wamemtupa." Wa tatu, ambaye hakuulizwa, asema kwamba amerogwa. Hapana hata mmoja aulizaye swali lililo jepesi kuliko yote, yaani, watu wawili wana kazi gani na vyumba sita? Heshima ya mtu twaipima kwa urefu wa ukuta wake, na kipimo hiki twakifuata mpaka kaburini. Mimi nasema ni kipimo cha uongo, tena kimewaumiza wazee wengi.

(Nasema nyumba ya vyumba viwili, wala sisemi nyumba ndogo, kwa sababu vijana wa siku hizi wamelitwaa jina hilo wakalipa maana nyingine isiyofaa kuandikwa hapa.)

Tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya pwani ya vyumba sita haikujengwa kwa fahari. Ilijengwa kwa hesabu ya watu. Katikati pana ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Mbele pana baraza, na nyuma pana uani penye jiko na choo. Chumba kimoja kilikuwa cha baba na mama, kimoja cha wasichana, kimoja cha wavulana, kimoja cha bibi mzaa baba, kimoja cha mgeni, na kimoja cha nazi, nyavu, majembe na mahindi ya mbegu. Kila mlango ulikuwa na sababu yake. Yule baba aliyeijenga alikuwa mtu wa akili, naye alistahili kusifiwa.

Sasa wasichana wameolewa, wengine Pongwe, wengine Msambweni ng'ambo ya mpaka. Wavulana wako mjini. Bibi alizikwa zamani. Mgeni akija hulala kwa simu, maana hupiga simu akasema atakuja mwaka ujao. Vyumba vitano vimefungwa, na ndani yake wamo popo na mchwa. Lakini nyumba haijui kama watoto wameondoka. Paa lake lataka makuti yale yale lililotaka siku zile walipokuwa watu tisa. Ukuta wake wataka kukandikwa vile vile kila baada ya masika, kwa kuwa mvua hupiga pande zote nne, haichagui upande wa chumba kinacholaliwa. Mchwa nao, wakishaonja mhimili wa chumba kitupu, hufuata fito mpaka chumba cha mwenye nyumba.

Yeyote aliyepata kuezeka ajua ninalosema. Makuti ya viungo ya nyumba nzima ni mamia kwa mamia, nayo hayadumu ila miaka michache. Mzee aliye na nguvu alipanda minazi yake mwenyewe, mkewe na binti zake wakasuka, jirani wakaitwa, wakaezeka, wakala wali wakaenda zao. Leo minazi yenyewe imezeeka pamoja na mwenyewe. Mkwezi hulipwa. Msukaji hulipwa. Mwezekaji hulipwa kabla hajapanda ngazi. Boriti nazo si kama zamani, mtu aingie mikokoni na shoka lake akatoke na mzigo. Mikoko ni msitu wa hifadhi ya Serikali, wala haikatwi bila kibali. Naye aliyekimbilia mabati akidhani amepumzika, hajapumzika, maana kwetu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula bati kama panya alavyo kibaba cha unga. Utaona bati jekundu kama udongo wa Amani, nalo halijatimiza umri wa mtoto wa darasa la saba.

Basi mzee afanyaje? Afanya wafanyavyo wote. Aacha paa la nyuma livuje kwanza. Halafu la upande. Ahamisha kitanda chake kutoka chumba hiki hadi kile, akiyakimbia matone, mpaka anafika chumba cha mbele karibu na baraza, na hapo ndipo akaapo miaka yote iliyobaki, katika chumba kimoja, huku nyumba nzima ikioza nyuma yake. Angalieni sana jambo hili. Mzee yule amekwisha kuingia katika nyumba ya chumba kimoja! Ameingia bila kupenda, bila fundi, bila mlango mzuri, na choo kikiwa mbali naye kupita zamani, kwa sababu yeye yuko mbele na choo kiko uani. Usiku aamka mara tatu, kama ilivyo desturi ya miili ya wazee, apita katika ukumbi mrefu wenye giza, ashuka kizingiti, avuka ua wenye utelezi. Nyonga ya mzee ikivunjika hapo, mara nyingi hainyanyuki tena. Kisha twasema kwamba alianguka kwa kudra. Kudra haikuweka choo hatua arobaini kutoka kitandani. Tuliweka sisi, na tulifanya vema wakati ule. Kosa ni kukiacha pale pale baada ya miguu kubadilika.

Na watoto? Nisemapo habari za watoto yanipasa niseme polepole, kwa kuwa wengi wao ni wanafunzi wangu, tena baadhi yao ni watu wema. Mtoto apatapo kazi nzuri, tamaa yake ya kwanza ni kumjengea mama nyumba. Ni tamaa njema, na ile amri ya kuwaheshimu baba na mama yakubaliana nayo. Lakini itazame nyumba anayojenga. Ya tofali za saruji, vyumba vinne, sebule, veranda yenye nguzo mbili nene zisizobeba kitu, na choo cha ndani kisicho na maji kwa sababu bomba halijafika. Vyumba vitatu kati ya vile vinne hufungwa kwa kufuli, na funguo ziko Dar es Salaam! Mama amepewa kimoja. Asubuhi afagia veranda isiyo yake, jioni alinda makochi asiyoyakalia. Mwenye nyumba huja siku nne mwezi wa Desemba, apiga picha, arudi. Nauliza, je, nyumba hii alijengewa mama, au mama amewekwa mlinzi asiyelipwa wa nyumba ya mtu? Kijana mpenzi, kama wampenda mama yako, mwulize kwanza ataka nini. Huenda akakuambia ataka pipa la kukinga maji ya mvua, choo karibu na kitanda, na mlango usiolia. Utaona aibu kwa udogo wa haja yake, na aibu hiyo ndiyo inayokupeleka kununua nguzo za veranda.

Tusidhani kosa hili ni la wasiosoma. Sisi waalimu twalifanya kuwapita wavuvi. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Hapo hupewa fedha za mkupuo, ambazo wengine huziita kiinua mgongo mpaka leo. Watumishi wengi wa Serikali zamani walipewa kwa mkupuo nusu ya mafao yao; tangu Julai 2022 sehemu hiyo ilishushwa ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikaipandisha kwao hadi asilimia 40. Manung'uniko juu ya kikokotoo hiki yamejaa magazetini, wala mimi siyapingi. Lakini nimengoja nisikie mtu mmoja tu akinung'unikia jinsi sisi wenyewe tunavyozitumia fedha zile, sijamsikia. Mwalimu wa miaka 60, watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa, achimba msingi wa vyumba saba. Kwa nani? Fedha zafika kwenye linta, zakoma. Kuta zasimama bila paa, mbuzi waingia, mpapai waota katika chumba ambacho kingekuwa cha kulia chakula, na mwalimu mwenyewe apanga chumba kwa mtu. Wageni husafiri hata Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ili watazame magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya wenyeji wa zamani. Wangekuja kwetu wangeona magofu yaliyo mapya, ambayo hayakupata kukaliwa na mtu hata usiku mmoja.

Katika habari za nchi yetu pana jambo moja ambalo nalikumbuka kila nionapo nyumba kubwa ikijengwa kwa ajili ya mzee. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama akalima shamba lake kama wazee wengine. Baadaye Jeshi likamjengea huko nyumba kubwa, ili kumheshimu. Ilipokuwa tayari, alikuwa ametimiza miaka 77. Alikaa humo muda mfupi tu, akapelekwa London kutibiwa, na huko akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Siwalaumu waliojenga, maana nchi ilikuwa na deni kwake, nao walilipa kwa namna waliyoijua. Lakini tazameni hata yeye, aliyeongoza taifa zima: siku zake za mwisho hazikuhitaji ukubwa ule. Mzee ahitaji kitu mapema kuliko ahitajivyo kitu kikubwa.

Sasa nitajibu maneno ya wenye kubisha, maana nayajua, nimeyasikia barazani miaka mingi.

Wasema, "Wajukuu wakija sikukuu watalala wapi?" Wajukuu watalala pale watoto walalapo siku zote, yaani juu ya mkeka, wengi pamoja, wakichekana mpaka usiku wa manane. Zamani bibi alikuwa na kibanda chake, na wajukuu waligombea kulala humo, wala hapana aliyelia kwamba ni kidogo. Hadithi zote tulizozijua tulizipata katika vibanda vile. Mtu hajengi jahazi kwa sababu mara moja kwa mwaka atavuka na jamaa zake kwenda ng'ambo.

Wengine wasema jambo zito zaidi, nao hulisema kwa sauti ya chini: "Na siku ya msiba je? Watu watakaa wapi?" Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu naona hili ndilo linalowafunga wazee wengi kuliko mengine yote. Mzee avumilia paa linalovuja miaka kumi na mitano, avumilia popo, avumilia ukumbi wa giza, ili siku moja jeneza lake lipite katika mlango mpana na watu waseme, "Kweli huyu alikuwa na nyumba." Yaani aitunza nyumba kwa ajili ya siku ambayo yeye hatakuwamo! Tena hata siku hiyo watu hawakai ndani. Kwetu matanga huwekwa nje, wanaume chini ya mwembe au turubai, wanawake uani kwenye masufuria. Nimehudhuria mazishi mengi, na sijaona hata moja lililoharibika kwa uchache wa vyumba. Nimeona yaliyoharibika kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe, mara nyingi, ulikuwa juu ya ile nyumba kubwa.

Wako tena wasemao kwamba dawa ni moja, mzee ahamishwe mjini akae na mwanawe. Hao ndio ninaowapinga kwa nguvu zangu zote. Mzee wa Moa ajua njia ya kisima kwa miguu yake, hata macho yakipofuka. Ajua nani alia usiku na mbwa wa nani abweka. Ajua maji yajaa lini na kupwa lini kwa kuutazama mwezi. Ukimchukua ukamtia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga mjini, umemnyang'anya elimu yake yote kwa siku moja, umemfanya mtoto mchanga mwenye mvi. Mchana kutwa mwana yuko kazini, mkwe yuko sokoni, wajukuu wako shuleni. Mzee akaa na televisheni. Baada ya mwezi aanza kuuliza lini atarudi, nao wamwambia, "Kesho, baba." Jambo la kuhamisha watu kwa faida yao tumekwisha kulijaribu katika nchi hii. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba wakulima wote waingie vijijini, na katika Operesheni ya mwaka 1974 na iliyofuata watu walibebwa kwa malori wakaachwa penye nyasi tupu. Faida za shule na zahanati zilipatikana, sikatai. Lakini waulizeni waliokuwa wazee wakati ule waliumia nini, kama mtapata aliye hai. Au waulizeni watoto wao. Mti mkubwa uking'olewa na kupandikizwa pengine, hata ukimwagiwa maji kila siku, majani yake hupukutika. Kwa wale wasio na jamaa kabisa Serikali ina makao, kama yale ya Mwanzange mjini Tanga, na ni vema yawepo. Lakini mwenye kiwanja chake, minazi yake na jirani zake, mahali pake ni pale pale. Nyumba ndiyo ipunguzwe, wala asiondolewe mtu katika nchi yake.

Nimesema tangu mwanzo kwamba mzee apunguze kwa shauri lake mwenyewe. Neno hili silisemi kwa kupamba. Kuna watu wanaosubiri kwa hamu mzee aseme, "Nyumba hii yanishinda," ili wamjibu, "Basi tupe." Wamkandikia kibanda cha haraka nyuma ya choo, bila dirisha, wamtia humo na kitanda chake, na juma la pili mpangaji yuko katika nyumba kubwa na kodi yaingia katika mfuko wa mwana. Huko si kupunguza nyumba. Ni kurithi mtu aliye hai. Na lililo baya zaidi, kibanda kile hakina maandishi yoyote, wala kiwanja kinachokizunguka. Siku mzee afapo, mkewe asimama njiani na sufuria lake.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji mlijue jambo la sheria, kwa kuwa twajua kusoma, na kusoma kusikotusaidia siku hiyo ni kazi bure. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingalipo. Basi mzee atakaye kumpa mwanawe nyumba kubwa, amwulize mkewe kwanza, na ridhaa ile iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi ya kijiji, nayo yataka anayehamisha haki yake kwa mtu mwingine apate idhini ya halmashauri ya kijiji. Mzee aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili, lake na la mkewe. Hati hiyo na iandikwe kabla nguzo ya kwanza ya nyumba mpya haijafukiwa.

Katika urithi mambo ni magumu zaidi, na sisi Wakristo wa vijijini hatujui jinsi yalivyo magumu. Jirani zetu Waislamu wana sehemu zao zilizokwisha kupimwa: mjane apata moja katika nane mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Wadigo wa asili walifuata upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba wake, na magomvi kati ya wapwa na wana ni hadithi ndefu ya pwani hii, huku na Kenya. Lakini Mkristo akifa bila wosia, mahakama hutazama jinsi alivyoishi, na akionekana aliishi kwa kufuata mila, mali yake yaweza kugawanywa kimila. Nazo kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba zamnyima mjane sehemu yake ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo, zikisema atatunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa katika nyumba zao walizipinga kanuni hizo. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 2006: ilikiri kwamba zinabagua, wala haikuziondoa. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayotazama haki za wanawake ilisema kwamba wajane wale walidhulumiwa. Miaka tisa tangu hukumu ya kwanza! Mke wa mzee wa miaka 75 hana miaka tisa ya kungoja.

Wosia wa karatasi moja ungeyazuia mengi ya hayo. Uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe, useme wazi kwamba nyumba ya vyumba viwili na kiwanja chake ni ya mke mpaka siku zake ziishe. Kwa kanuni hizo hizo za mila, ajuaye kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, na asiyejua awe na wanne. Wasiwe watu wa ukoo tu, bali na watu baki wawemo. Karatasi isifichwe chini ya godoro. Nimeona wosia uliotafunwa na mchwa pamoja na kitanda.

Nyumba yenyewe iweje? Hapa kila mmoja ana macho yake, lakini nina maneno machache. Isiwe nyuma ya nyumba kubwa. Iwe kando, yenye njia yake na mlango wake uelekeao njiani, ili mzee asipite uani kwa mtu akitaka kutoka. Choo kiwe hatua chache, chenye kishikio ukutani. Kizingiti kiwe chini, au kisiwepo. Dirisha lipokee upepo wa kusi. Wala msinunue vitu vipya ikiwa vya zamani vingaliko: milango ya nyumba kubwa, ile ya mbao nzito, yafaa, mabati mazima yachaguliwe, boriti zisizoliwa zikatwe kwa kipimo kipya. Nyumba moja kubwa ikivunjwa kwa akili, na ikivunjwa kabla haijaanguka, hutoa nyumba moja ya vyumba viwili na jiko, na kuni zinabaki. Ikingojwa mpaka ianguke, haitoi kitu ila kifusi. Asiyetaka kuivunja aweza kuipangisha. Waalimu na wauguzi waletwao vijijini hutafuta nyumba wasizipate, na kodi yao itamnunulia mzee makuti. Ila ajue kwamba mpangaji naye ataka paa lisilovuja.

Na baraza, wasomaji. Ukipunguza yote, baraza usilipunguze. Nimewaona mafundi wakichora nyumba ya mzee wakaacha baraza ili kuokoa saruji, na kwangu hiyo ni sawa na kumjengea mtu kinywa bila masikio. Mzee wa pwani hukaa barazani. Hapo huamkiwa "Shikamoo", hapo hupata habari za samaki, hapo huamua ugomvi wa mbuzi na mihogo, na hapo jirani hugundua kwamba leo hakutoka, wakaenda kumgongea. Vyumba viwili vyatosha, lakini baraza liwe la watu sita, lenye kivuli mchana kutwa, tena lielekee mahali watu wapitapo.

Wakati ufaao ni baada ya masika, kusi likivuma na udongo ukiwa umeanza kukauka. Mzee aliye na nia na aanze kusema na mkewe jioni hii, kabla hajasema na watoto. Kisha amwite mwenyekiti wa kitongoji na jirani wawili, wapime kiwanja kwa kamba, waandike. Watoto wapigiwe simu mambo yakiwa tayari, wala wasiombwe ruhusa. Waombwe mabati ishirini na mifuko ya saruji ya sakafu.